Kabla Vichwa Havijakatwa

Jumanne, 8 Aprili

…na walikuwa bado wamelala kifudifudi katikati ya tulipu za njano, watu wazima wanne, makalio juu kamera chini, wakati Mzee Gerbrand, mwenye shamba, anafika na baiskeli yake anapiga kelele.

"Nyie! Hapo ni kitandani kwa mama zenu?"

Mmoja akainua mkono bila kuinua kichwa. "Dakika moja, mzee. Mwanga unaondoka."

"Mwanga unaondoka! Na wewe ondoka nao!"

Mimi na Aafje, binti wa mzee, tulikuwa kwenye kigari chetu cha kazi, mistari michache kutoka pale. Aafje alicheka mpaka akaniegemea begani. Mara moja tu, halafu akakaa sawa. Lakini mpaka saa hii naandika, bega hilo nalisikia lina joto kuliko la pili.

Nimeanza tena kuandika. Niliacha shule mapema, herufi zilikuwa zinanikimbia. Mama Trijn, mke wa mzee, ndiye aliyesema niandike kila siku hata mstari mmoja, herufi zitanizoea.

Jumatano, 9 Aprili

Upepo wa baharini. Mchanga wa matuta ya ufukweni umeingia mpaka kwenye mkate.

Alhamisi, 10 Aprili

Mkubwa wa wale wa kamera amekuja jikoni kuomba radhi. Ni mama mtu mzima kutoka Ubelgiji, anaitwa Bi Godelieve, ana sauti ya kuita ng'ombe na viatu vya mlimani. Kaja na sanduku la chokoleti. Mzee aliitazama chokoleti kama mtu anayetazama rushwa, halafu akala tatu.

Masharti aliyopewa: watembee kwenye kingo tu, wafunge viatu kwa mifuko ya plastiki wasituletee magonjwa ya mashamba ya watu, na wakiambiwa toka, watoke. Bi Godelieve akakubali yote. Akapewa chumba cha juu, yeye peke yake, wenzake wamelala mjini.

Basi akaanza kusimulia. Kapiga picha milima ya Norwei inayotoka baharini wima kama meno. Kapiga maua ya zambarau ya Ufaransa, visiwa vya Uskoti kwenye ukungu, maziwa ya Uswisi asubuhi maji hayajaamka. "Lakini kwenu huku," akasema, "mwezi mmoja tu kwa mwaka, hakuna mahali panapofikia hapa. Nyinyi wenyewe hamjui mnakaa wapi."

"Tunajua," Mzee akasema. "Ndiyo maana tunaangalia chini."

Bi Godelieve akanigeukia mimi. "Na wewe kijana, jina lako nani?"

Nilikuwa na mkate mdomoni. Aafje akanijibia. "Huyu ni Siem. Maneno yake yamepakiwa kwenye lori, yanafika kesho."

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Akinitania Aafje hainiumi, inaniuma akinyamaza.

Jumamosi, 12 Aprili

Jua kali. Jua kali ni baya kwa kazi yetu. Michirizi ya ugonjwa kwenye maua haionekani, ndiyo maana kigari kina paa.

Leo nataka kuandika jambo lenyewe. Misimu mitatu sasa nakaa na Aafje kwenye kigari hiki. Ni viti viwili vya chini, bega kwa bega, kinajiendesha chenyewe polepole kuliko bata. Yeye anaangalia mstari wake kulia, mimi wangu kushoto. Tunatafuta wagonjwa. Ua jekundu likiwa na michirizi myeupe kama mtu kaligusa na brashi, hilo lina ugonjwa, na lazima ling'olewe lote na tunguu lake, ile mbegu ya chini kama kitunguu, maana vidukari, wale wadudu wadogo, vikilinyonya vinahamia kwa jirani, na mwakani shamba zima ni michirizi. Ukiona unasema "Hili hapa," kigari kinasimama, unashuka na koleo jembamba, unachimba, unatia ndooni. Siku nzima. Hili hapa. Hili hapa.

Ajabu ni kwamba mgonjwa ndiye mzuri kuliko wote. Watu wa kamera wakiona ndoo yetu wanataka kulia.

Leo simu ya Aafje ililia mara nyingi. Ni Wessel, mtoto wa wakulima wa kule kwenye ardhi mpya iliyotolewa ziwani. Wana mashamba usiyoona mwisho wake. Mama Trijn kaniambia wakati tunaosha vyombo: Wessel ameshaomba kumuoa, Aafje hajajibu. Akijibu ndiyo, tukimaliza kuvuna matunguu anahamia huko.

Kwa hiyo nimejiwekea nadhiri. Kabla vichwa havijakatwa nitamwambia. Wiki ya mwisho ya mwezi mashine itapita na kukata maua yote, ili nguvu irudi chini kwenye tunguu, na baada ya hapo hatukai tena pamoja kwenye kigari. Kabla ya siku hiyo. Nimeandika, haifutiki.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisa. Mvua. Sikumwambia.

Jumatatu, 14 Aprili

Sikumwambia.

Jumanne, 15 Aprili

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Aafje akasema, "Hili hapa," akashuka. Aliporudi kidole kimejaa udongo akajifuta kwenye suruali yangu, eti taulo. Nikaona nitaharibu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua ya usiku imeosha hewa, jioni ikawa safi kabisa. Mwanga ulikuja ule wa chini, unaopita kwenye petali kama taa kwenye kitambaa. Sisi tuko kwenye zile nyekundu, za karibu na mtaro, Bi Godelieve kapanda ngazi kwenye kingo na mifuko yake miguuni, kama kuku wa sokoni.

Aafje alikuwa ameinama anaangalia mstari wake. Nywele zimemwangukia, hakuzisogeza, mikono michafu. Alikuwa anaimba kwa puani. Hajui kama anaimba akifanya kazi.

Bi Godelieve akapiga kelele kutoka juu ya ngazi. Tukadhani kaanguka.

"Nimeipata!" anasema. "Jamani, nimeipata! Miaka yote naitafuta hii!"

"Kapata nini?" Aafje akaniuliza.

"Sijui," nikasema.

Mama huyu nilikuwa simpendi. Leo nimempenda kidogo. Alishuka ngazi analia.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Baridi. Mzee kasema baridi inatuongezea siku, maua yamesimama hayaendi mbele wala nyuma. Nikashukuru Mungu kwa baridi.

Pasaka, 20 Aprili

Wessel amekuja. Nilimwombea awe mtu mbaya. Siyo mbaya. Kamletea Mama Trijn mkate wa zabibu uliokaa vizuri, kamsikiliza Mzee habari ya bei ya matunguu mpaka mwisho, na mimi kanipa mkono kama mtu na mtu. Tulipogonganisha mayai ya Pasaka mezani, mchezo wetu wa kila mwaka, yai langu likapasua la kila mtu, la kwake pia. "Siem ndiye mwamba," akasema, akanipigia makofi. Nilitaka kumchukia, sikupata mahali pa kushika.

Wakatoka wawili kutembea mpaka kwenye matuta. Mimi nikaosha vyombo.

Aliporudi Aafje akasimama mlangoni, ananitazama. "Huulizi?" akasema.

"Niulize nini?"

Akavua viatu akapanda juu.

Jumanne, 22 Aprili

Hili hapa. Hili hapa. Kigari kimya.

Alhamisi, 24 Aprili

Joto limerudi ghafla, maua yamefunguka kama midomo. Mzee kasema Jumatatu tunakata. Bi Godelieve aliposikia akashika kifua.

"Yakiwa hivi? Yakiwa hivi ndipo mnakata?"

"Mama, sisi ua halituhusu," Mzee akamwambia. "Tunauza kilicho chini."

Bi Godelieve akaomba Jumamosi, sikukuu ya Siku ya Mfalme, aruhusiwe kuweka picha kwenye ukumbi wa kanisa, kijiji kione. Mzee akakubali. Kasema iwe na kahawa.

Zimebaki Ijumaa na Jumamosi. Jumapili sihesabu, Jumapili nyumba imejaa watu.

Ijumaa, 25 Aprili

Sikumwambia.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika yote, maana nisipoandika nitaanza kujidanganya.

Asubuhi barabara yote rangi ya machungwa, rangi ya mfalme, watoto wametandika mikeka wanauza vinyago vyao vya zamani, bendi inapiga, mbwa kavalishwa kofia. Saa nane tukaingia ukumbini. Bi Godelieve kavaa gauni. Picha zilikuwa nyingi, ndogo ndogo: kinu cha upepo, mawingu, yule mbwa wa Bouwe jirani yetu. Lakini ukutani mbele kulikuwa na moja kubwa kama mlango wa ghala, imefunikwa shuka. Akaivuta.

Ilikuwa ni sisi. Shamba jekundu limekwenda mpaka kwenye matuta, mbingu ya dhahabu, na katikati kigari chetu kidogo na paa lake. Aafje kainama anaangalia chini, nywele usoni. Na mimi. Mimi siangalii chini. Nimegeuza kichwa, namwangalia yeye.

Sijawahi kuuona uso wangu hivyo. Kwenye kioo mtu anajipanga kwanza. Pale nilikuwa wazi kama nyumba iliyosahauliwa mlango. Nikasema basi, leo kijiji kizima kimejua. Masikio yakanichemka. Nikatafuta njia ya kutokea, lakini mlangoni palikuwa na meza ya keki.

Watu wakanyamaza. Bi Godelieve akafurahi, kadhani wameguswa. Halafu Bouwe, ambaye ameshindana na Mzee Gerbrand tangu wako shule, akatoa miwani mfukoni. Akasogea. Akasogea tena, pua karibu iguse karatasi. Akaweka kidole, chini kabisa, upande wangu wa kushoto, karibu na goti langu.

"Gerbrand," akasema. "Njoo uone. Hili hapa."

Ukumbi mzima ukaja. Wakulima wote, na wake zao, na vijana wao, wameinamia ile picha na vikombe vya kahawa mkononi. Lilikuwa hapo. Ua jekundu lenye michirizi myeupe, mwanga umepita ndani yake, zuri kuliko kitu chochote kwenye picha. Mgonjwa. Kwenye mstari wangu. Tumempita.

Hakuna hata mmoja aliyeangalia mbingu. Hakuna aliyeangalia uso wangu. Jamani, uso wangu ulikuwa mkubwa kama sahani, na walikuwa wanaangalia ua.

"Tarehe ngapi hiyo?" mmoja akauliza.

"Siku kumi zilizopita."

"Siku kumi! Na joto hili! Vidukari vimeshafanya harusi hapo."

"Gerbrand, siku hizi unafuga michirizi?" Bouwe akasema. "Ukifungua duka la wagonjwa utuambie."

Wakacheka. Mzee hakucheka. Kwake ni kama kumwambia mtu mtoto wake ana chawa. Akauliza bila kugeuka, polepole, "Kushoto alikaa nani?"

Picha inaonyesha aliyekaa kushoto. Aliuliza ili nijibu.

Nilijua la kusema. Mimi, mzee. Sikuwa naangalia mstari, nilikuwa namwangalia binti yako. Maneno yalikuwa yamepangwa, mazima, hayakunikimbia hata moja. Hayakutoka tu.

"Ni kosa langu," Aafje akasema.

Watu wakageuka.

"Nilimwita. Nilikuwa namwonyesha kitu huku kwangu, ndiyo akageuka. Mnaona si amegeuka? Mimi nimemwita."

"Kitu gani?" Mzee akauliza.

"Chura."

Wakacheka tena, na kile kitu kikapita. Bouwe akasema afadhali chura kuliko mchumba. Mzee akasema angekwenda kuling'oa ua saa hiyo hiyo, lakini trekta za gwaride zimefunga njia ya shamba mpaka jioni, na jioni ikifika anatakiwa kwa wazazi wa Mama Trijn. Itakuwa Jumatatu, kabla ya kukata.

Aafje alikuwa ananitazama. Kakaa karibu na dirisha, kashika sahani ya keki ya krimu bila kula. Na mimi nikatazama viatu vyangu. Hakuniita. Hakukuwa na chura. Alinifungulia mlango mbele ya watu wote, na mimi nikakikalia kizingiti.

Bi Godelieve alinikuta nje nyuma ya baiskeli. Wanja wa kope umemteremka. "Kumbe hawaangalii picha yangu," akasema. "Wanaangalia ugonjwa." Halafu akanishika shavu kama mtoto. "Mimi nilikuona, mwanangu. Ndiyo maana nilibonyeza."

Jumapili, 27 Aprili

Mchungaji alihubiri, sikusikia.

Baada ya kahawa Aafje akasema, "Twende tukatembee," mbele ya wote, akavaa koti. Tukaenda mpaka kwenye mtaro wa shamba jekundu. Hatukuvuka. Jumapili kwetu hakuna kazi, hata kung'oa ua moja ni kazi. Ukishajua lilipo, halijifichi. Tuliliona kutoka barabarani, limesimama kati ya wenzake, linacheza na upepo.

"Hili hapa," nikasema. Sijui kwa nini. Nilidhani atacheka.

"Siem, misimu mitatu," akasema. "Unajua umeniambia nini misimu mitatu? Hilo hilo. Hili hapa. Hili hapa."

Nikafunga kifungo cha koti.

"Jana nimemdanganya baba mbele ya watu. Sikukuita."

"Najua."

"Basi uligeukia nini?"

Bata wawili walipita kwenye mtaro. Niliwaangalia mpaka wakapotea. "Jua lilinipiga machoni," nikasema.

"Jua lilikuwa nyuma yetu, Siem. Kwenye picha kivuli cha kigari kiko mbele."

Picha ile haikuniachia hata kauongo kadogo.

Akakaa chini kwenye nyasi, akavuta magoti. "Niliposema nimekuita, nikasema moyoni, sasa Siem atakataa. Atasema hapana, hajaniita huyu. Neno moja tu, hata kwa hasira. Nikakaa pale dirishani nasubiri. Watu walikuwa wanakula keki. Nikasubiri mpaka keki zikaisha."

"Halafu?"

"Halafu nikatoka nje nikampigia Wessel. Nimemwambia ndiyo."

"Hongera," nikasema.

Hilo neno lilitoka bila shida yoyote. Laini, kama la mtu anayejua kuongea. Aafje akanitazama muda mrefu, macho yake yamejaa maji lakini hayamwagiki, akasema, "Asante." Akainuka akajipangusa nyasi. Mkono wake ulikuwa na udongo, akautazama, akautazama mguu wa suruali yangu, halafu akajifuta kwenye koti lake mwenyewe.

Tulirudi yeye mbele mimi nyuma. Njia inatosha watu wawili.

Jumatatu, 28 Aprili

Ukungu, lakini unapanda. Mzee amekuja ghalani ninapolala, na kahawa mbili. Hajawahi kuniletea kahawa. Akakaa juu ya kreti.

"Jana baada ya ibada nilipita ukumbini," akasema. "Ufunguo ninao mimi. Nikaiangalia ile picha tena. Jumamosi niliangalia ua." Akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Jana niliangalia watu."

Nikatazama chini.

"Kwa nini hukuniambia hata mimi, kijana?"

"Sikujua nianzeje, mzee."

"Hata mimi sikujua. Kwetu aliyeanza ni Trijn." Nadhani na yeye aliona kwamba Aafje naye alianza, akaanza mara nyingi tu, na chura, na udongo, na lile "Huulizi?" la mlangoni. Akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo, akasimama. "Aafje hatakwenda shambani leo. Anamsaidia mama yake. Nenda peke yako."

Bi Godelieve kaondoka asubuhi hii, anasema anakwenda kaskazini kwenye ile milima inayotoka baharini, huko hakuna anayekata kitu. Kaacha karatasi imekunjwa chini ya mlango wangu. Ni ile picha, ndogo, saizi ya mkono. Upande wa chini kaukata na mkasi, ua halipo. Tumebaki sisi wawili tu. Nimeipindua uso chini.

Mashine imewashwa, naisikia uani. Inaanza na mistari ya kule mwisho, halafu inakuja kwenye nyekundu. Kisu kikilipitia lile ua kabla sijalitoa, ugonjwa utapanda kwenye kisu na kwenda mstari mzima, na mwakani atakayekaa kwenye kigari, sijui nani na nani, atakuta michirizi kila mahali. Koleo lipo mlangoni, ndoo ipo. Lazima niende sasa hivi, nilichimbe mwenyewe, lote na tunguu lake, nisiache hata mzizi.